Tairi la Tano

Mimi ni mtu wa kutazama matairi. Gari la bibi harusi likifika, wenzangu hupiga vigelegele, na mimi huwa nimeinama kidogo nione kama la mbele limeanza kuwa kipara. Mume wangu husema huu ni ugonjwa, na kwamba siku moja nitakagua matairi ya gari litakalobeba jeneza langu. Sibishani naye. Baba yangu alifia barabara ya Mombasa nikiwa msichana wa shule ya msingi, na nilipouliza kilichomuua niliambiwa maneno mawili tu, tairi lilipasuka. Nilikua nayo maneno hayo. Kila jambo nililojifunza kuhusu magari nililijifunza kwa sababu yake.

Baba alikuwa dereva wa kusambaza bidhaa za mfanyabiashara mmoja wa jumla. Tulikaa Makongeni, jijini Nairobi, katika chumba cha mjomba aliyekuwa mtu wa reli. Tulipomzika, Mama alifunga virago akabaki kwetu Ukambani, na tangu siku hiyo hakukanyaga Nairobi. Kanisani alienda kwa miguu, sokoni akapanda boda boda, lakini barabara kuu aliikataa kabisa. Harusi yangu niliifanyia kijijini kwa ajili yake. Wajukuu nilimpelekea mimi. Jicho lake la kushoto lilipoanza kufunga ukungu, tulimsihi mpaka tukachoka aje mjini atibiwe, naye akasema Mungu akitaka ataona na akikataa hataona. Jicho likafa.

Sasa lilikuwa limebaki la kulia, na lenyewe lilikuwa na mtoto wa jicho aliyeiva hadi presha ya jicho ikaanza kupanda. Daktari wa Nairobi, baada ya kusoma ripoti ya zahanati, alinipa nafasi ya Jumatatu asubuhi. Aliniambia bila kupepesa macho kwamba Mama asipofika nafasi itaenda kwa mwingine, na kwamba jicho lenyewe halitasubiri foleni. Nilimpigia Mama simu nikalia. Sijui kama ni kilio changu au ni maumivu ya usiku, lakini alikubali. Aliweka sharti moja tu: angekuja kwa gari la mkwe wake, si la mtu mwingine, na matairi angeyakagua mwenyewe. Angekagua kwa macho yapi, sikuthubutu kuuliza.

Gari la mkwe wake lilikuwa pikapu yetu kuukuu ya kiti kimoja kirefu cha mbele, ambayo mume wangu hubebea makochi ya maseremala na magunia ya wenye maduka. Matairi yake manne yalikuwa yamelika hata ukipitisha kiganja unahisi upara. Kwa hiyo ilikuwa lazima tununue mengine, na hapo ndipo mume wangu alipoona mlango wake umefunguka. Kwa miezi alikuwa akitazama rimu kwenye simu jinsi wengine wanavyotazama mpira. Rimu zetu zilikuwa za chuma, za inchi kumi na tano, zimepigwa rangi ya fedha kwa brashi. Alitaka za kumi na saba, nyeusi, zenye kingo zinazong'aa.

"Mama watoto," aliniambia, "kama tunanunua matairi, tununue na viatu vya kuyavaa."

"Ninunue viatu au nimtibu mama yangu?"

"Mama yako ndiye atakayebebwa nazo. Unataka aje na chuma kilichooza?"

Alijua pa kunishika. Tulienda kwa muuzaji mmoja kando ya Jogoo Road, jamaa mwenye tumbo na sauti ya mhubiri, ambaye kibanda chake kimejaa matairi mpaka mlangoni. Mume wangu alienda moja kwa moja kwenye matairi manene kuliko yote. Yalikuwa mazuri, sikatai. Yaliinua pikapu mpaka ikaonekana ina hasira.

"Hizi ni moto, boss," muuzaji alisema. "Ukipita nazo mtaani kwenu, pale Tena, mtaa mzima unatoka nje."

"Kata usukani mpaka mwisho," nikamwambia mume wangu. Akakata, na hakuna kilichogusa. Alinitazama kama mshindi. Lakini pikapu ilikuwa tupu, na mimi sikuwa naenda Ukambani na pikapu tupu. Kurudi tungebeba mahindi, kunde na chochote ambacho Mama angeng'ang'ania kuleta. Niliwaomba wanaume waliokuwa wamekaa kwenye benchi la kibanda, wakingoja zamu zao, wapande nyuma. Walipanda wakicheka, wakajipanga kama wanakwaya. Mume wangu alipokata usukani tena, tukasikia mpira ukikwaruza fenda. Sauti ile ilinipanda hadi kwenye meno.

"Madam ako na macho," muuzaji akakiri.

Baada ya hapo sikumpa mtu nafasi ya kupumua. Nilimfanya muuzaji anisomee namba za ubavuni moja moja. Tairi la zamani lilikuwa mia mbili ishirini na tano, sabini, kumi na tano: ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo cha ubavu ukilinganisha na upana huo, na ya mwisho ni rimu inayoingia ndani. Rimu ikikua, alieleza, ubavu lazima upungue, la sivyo gurudumu zima linapanda na kuanza kugombana na fenda. Tulishuka taratibu hadi kwenye mia mbili thelathini na tano, sitini na tano, kumi na saba. Lilizidi la zamani kwa kimo kidogo tu, na wanaume wa benchi walipopanda tena, halikugusa popote.

"Lakini ujue spidi itakudanganya," muuzaji alimwambia mume wangu. "Ikisoma themanini, wewe uko themanini na tano. Gurudumu limekuwa kubwa, linakula barabara zaidi."

Hilo lilininyima usingizi baadaye. Palepale niliuliza kuhusu mzigo, kwa maana kuna matairi mazuri ya macho ambayo yametengenezewa magari ya kwenda kanisani, ukiyawekea magunia yanalia. Akanionyesha namba ya uwezo wa kubeba, nikaitafuta mwenyewe kwenye chati iliyobandikwa ukutani. Niliuliza mwaka wa kutengenezwa, nikapiga magoti kwenye vumbi nikausoma kwenye kila tairi, maana mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Nilihakikisha matundu sita ya rimu yamekaa sawa, na kwamba tundu la katikati linashika kitovu cha ekseli badala ya kuning'inia kwenye nati tu. Nilikataa rimu za kwanza kwa sababu zilitokeza nje ya fenda, na mume wangu karibu alie.

"Bibi yako angekuwa inspekta," muuzaji alimwambia.

"Ni inspekta," mume wangu akajibu. "Mimi ndiye gari."

Fundi alifunga zile nne. Rimu mpya zilikuja na nati zake, kwa hiyo zile za zamani akatufungia kwenye gazeti, mume wangu akazitupa kwenye droo ya dashibodi. Magurudumu ya zamani muuzaji aliyachukua yote manne, kama sehemu ya makubaliano, nasi tukafurahi maana hatukuwa na pa kuyaweka. Alipokuwa akikagua mara ya mwisho aliinama chini ya pikapu, akaona mnyororo wa kushikia tairi la akiba ukiwa mtupu.

"Speya iko keja?" aliuliza.

"Iko nyumbani, ndiyo," mume wangu akasema.

"Poa."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya, na sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nimeridhika. Kwa mara ya kwanza tangu daktari aseme neno Jumatatu, kifua kilikuwa kimelegea, nikakubali hata kupitia Soko la Burma tule nyama.

Jumamosi tulisafiri. Raha ya Burma iliniisha tulipoingia barabara ya Mombasa. Nilikuwa nikitazama mshale wa spidi na kujumlisha kimoyomoyo, nikimwambia mume wangu apunguze, naye akipunguza nikihofia lori la nyuma. Kila mtetemo niliusikiliza. Tulipoacha lami na kuingia barabara ya udongo, nilimsimamisha nikashuka kushika kila tairi nione kama limepata moto kupita kiasi. Hayakuwa na shida yoyote. Hilo pia lilinitia wasiwasi.

Kijijini walizisifu rimu mpaka mume wangu akawa anatembea kama amezaliwa upya. Alizifuta vumbi kwa shati lake la ndani. Mama hakutoka kuziona. Kwetu, mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa umbali: hawashikani mikono, hawatazamani ana kwa ana, na neno la mmoja kwa mwingine hupitia kwangu hata wakiwa hatua mbili tu kutoka kwa kila mmoja. Usiku ule Mama alishika kichwa upande wa jicho, akasema taa ya koroboi ina duara la rangi kuizunguka. Daktari alikuwa amenionya kuhusu duara hilo. Nilikaa macho kando yake.

Jumapili asubuhi magunia yalikuwa yamepangwa, kuku amefungwa miguu, majirani wamekuja kuaga. Mama alitoka na leso yake ya kanisani na bakora. Mume wangu alisogea kando kwa heshima. Mama akaanzia tairi la mbele, upande wa dereva. Aliweka bakora chini, akapitisha viganja vyote viwili juu ya mpira, akaingiza vidole kwenye mifereji, akakanda ubavu. Akaenda la nyuma. Akazunguka. Nilikuwa najivunia, nakiri. Nilijua kila namba iliyokuwa chini ya vidole vyake. Alipomaliza la nne alipinda mgongo, akaingiza mkono chini ya gari, akapapasa hadi akaushika mnyororo. Ukalia kama kengele.

"Muulize," aliniambia, "la tano liko wapi."

Nilifungua mdomo, na papo hapo nikaliona. Nililiona mahali lilipo, kama mtu anavyoona sufuria aliyoiacha jikoni. Lilikuwa sebuleni kwetu Tena, limelala chali, limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu yake televisheni. Huko kwetu mtaani, mwenye pikapu halazi speya chini ya gari. Ukiilaza huko, asubuhi unakuta mnyororo umekatwa. Kila mmoja huiingiza ndani, na nyumba zetu ni ndogo, kwa hiyo kitu hicho hutafutiwa kazi. Jirani mmoja amelifanya stuli, mwingine amelipandishia mitungi ya maji. Letu lilikuwa meza. Nililipangusa kila Jumamosi. Mimi niliyepiga magoti kwenye vumbi la Jogoo Road kusoma mwaka wa kuzaliwa wa kila tairi, nilikuwa na tairi nyumbani na sikujua tena kwamba ni tairi.

"Liko nyumbani, Mama."

"Basi siendi."

Nilijaribu kila kitu. Nilisema matairi ni mapya, hayawezi kupasuka leo. Nilimwambia kuhusu daktari, duara kwenye taa, jicho la kushoto. Nilimfokea, mbele ya majirani, mama yangu mzazi. Alirudi akaketi kwenye kigoda mlangoni, mikono juu ya bakora.

"Baba yako hakuuawa na tairi," alisema.

Nikamwambia nilikuwepo walipoleta habari, nilisikia tairi lilipasuka.

"Lilipasuka, naye akalisimamisha gari vizuri sana, akashuka hana hata mkwaruzo. Lakini speya ilikuwa Makongeni, chini ya kitanda chetu. Mwenye gari alikuwa akiwakata madereva mshahara speya zikiibwa, kwa hiyo baba yako alikuwa akiiingiza ndani. Akamtuma turniboi, kijana wake wa kupakia mizigo, arudi kuichukua, yeye akabaki pale kando ya barabara kulinda mzigo. Turniboi alifika jasho linamtoka." Aliichimbia ncha ya bakora kwenye udongo. "Nikamwambia anywe chai kwanza. Sikujua. Nilifikiri baba yako ameketi kivulini. Nikachochea moto, nikachemsha maziwa, akanywa, nikamwongeza. Aliporudi na tairi, lori lilikuwa limeshamgonga baba yako."

Mume wangu alikuwa amegeuza uso kwenye migomba. Maisha yangu yote nilikuwa nimeogopa mpira uliolika, na miaka hiyo yote mama yangu alikuwa akiogopa kitu kingine kabisa, peke yake, na hata hakuweza kukitaja. Nilitaka kumshika nikashindwa, kwa vile nilivyokuwa nimemfokea.

Mume wangu alipanda boda boda akaenda sokoni kutafuta speya ya kuazima. Alirudi mikono mitupu. Speya za inchi kumi na tano zilikuwepo, alisema, kila pikapu ya eneo lile inazo. Za kumi na saba hakuna aliyewahi kuziona. Ungeiona sura yake. Hata hiyo ya kumi na tano hakuna aliyekubali kuiachilia iende Nairobi. Nikampigia jirani yetu wa chini, mama wa Kiislamu mwenye duka la mchele, ambaye huwa tunamwachia ufunguo.

"Dada, nakuomba. Ingia kwangu, ile TV iteremshe chini. Hiyo meza yake ni tairi."

"Najua ni tairi, kwani mimi nina yangu," alisema. "Niipeleke wapi?"

"Stendi, kwa basi la kuja huku. Tafadhali, usikawie."

"Nishavaa viatu."

Tulingoja mchana kutwa. Sijawahi kuchukia jua kama nilivyolichukia siku ile likipita juu ya paa la Mama. Nilihesabu saa za barabarani, nikapata tungefika gizani, nikahesabu upya, nikapata vilevile. Nilifikiri basi limeharibika, nikafikiri tairi limeibwa stendi. Mama alilala, akaamka akiuliza kama limefika, akalala tena amefunika jicho kwa leso. Mume wangu alisema tairi hilo lina kimo cha zamani, likifungwa na haya mapya gari litachechemea kidogo, lakini litafika, na nati zake zimo kwenye dashibodi. Nilimfanya afungue gazeti anionyeshe. Zilikuwepo zote.

Boda boda ilitokea kwenye kona ya mabonde jua likiwa limeanza kulala, tairi limefungwa nyuma kwa mpira. Jirani yangu hakupoteza muda hata wa kuondoa kitambaa. Alikuwa amekifungia hapohapo. Mwenye boda alishuka akijinyoosha, amejaa vumbi hadi kwenye kope, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye chupa ya chai, kama tulivyolelewa.

"Baadaye," Mama akasema.

Alimwekea mtu yule kuku aliyekuwa amefungwa miguu, ampeleke kwake nyumbani. Halafu akalipapasa tairi. Vidole vyake vilifika kwenye kitambaa vikasita. Alikuwa amekifuma yeye, zamani alipokuwa na macho mawili, akanipa nilipoolewa. Alikikunja akakitia kifuani, akaendelea kupapasa mpira. Mume wangu alipolifunga chini ya gari kwa mnyororo, Mama alisimama akisikiliza hadi kufuli ilipolia.

Nilikaa katikati, kama heshima inavyotaka, mume wangu kulia kwangu na Mama dirishani. Giza lilitukuta kwenye lami. Mama alinishika goti. Malori yalipotupita alinibana hadi kucha zikaniingia, na mimi sikuuondoa mkono wake. Pale barabara inapokaribiana na reli aliuliza kama tumepita. Sikujua ni mahali gani hasa alipokuwa akiuliza. Hakuna aliyewahi kunionyesha Baba alipofia. Nikamwambia tumepita. Mkono ukalegea.

Matairi hayakupasuka, wala yale ya nyuma wala ya mbele. Jumatatu asubuhi Mama aliingia chumba cha upasuaji, na Jumanne muuguzi akamwondolea bandeji. Mama aliangalia vidole vyake kwanza. Akaniangalia mimi, akasema nimezeeka. Nikacheka na kulia pamoja.

Mume wangu alikuwa ametungoja kwenye uwanja wa hospitali. Alikuwa ameiosha pikapu alfajiri, rimu zake nyeusi zinameta, naye amejisimamisha kando yake akitazama pembeni kwa heshima, lakini ungejua anangoja nini. Mama alitembea bila bakora. Alizipita rimu zote mbili za upande ule bila kuzitupia jicho. Alifika nyuma, akashika ukingo wa bodi, akapiga magoti taratibu kwenye saruji, akainamisha kichwa kuchungulia chini ya gari hadi shavu likakaribia kugusa saruji. Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Watu walipita wakitushangaa.

Aliinuka, akajipangusa magoti.

"Mwambie nimeliona," alisema.

Mume wangu alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Nikamwambia. Mama akafungua mlango mwenyewe, akapanda.